Mtu wa Matokeo

Mji mzima wa Barreiro Alto unajua ni nani aliyetukosesha ubingwa wa mwaka 1968. Muulize kinyozi, muulize padri, muulize mlevi anayelala kwenye benchi la kituo cha treni: wote watakutajia Lindolfo Bressan. Hata mtu akileta habari ya uongo sokoni, kwamba kahawa imepanda bei au fulani kafumaniwa, ataulizwa, "Umeyapata kwa Lindolfo hayo?" na watu watacheka. Nimeusikia utani huo miaka arobaini. Mara nyingine nami nimecheka nao, Mungu anisamehe.

Mimi ni Anacleto Furtado, mtangazaji wa mpira. Enzi zangu hakuna jiko lililopika chakula cha Jumapili katika wilaya hii bila sauti yangu humo ndani. Nilikuwa naweza kulivuta neno goli mpaka mtu mwenye tonge mdomoni asahau kumeza. Nilikuwa pia na ugonjwa wa watangazaji wote wa wakati ule, wa kutaka kuwa wa kwanza. Kuwa sahihi ilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa Lindolfo. Kila redio kwetu ilikuwa na mtu wa matokeo, ambaye siku ya mechi habanduki studio. Anakaa na simu huku, redio ya mji mwingine kule, anakusanya magoli ya viwanja vyote. Lindolfo alikuwa na kengele ndogo ya shaba, aliyopewa na masista walipofunga shule yao. Akipata goli la kwingine aliigonga, nami uwanjani, mpira uwe mguuni mwa nani, lazima ninyamaze nimpishe aseme. Watu walisema kengele ile haijawahi kudanganya. Ilikuwa kweli, kwa sababu hakuigonga mpaka habari imfikie kutoka sehemu mbili. Ukimpa habari moja tupu, alikuangalia juu ya miwani yake akauliza, "Nani amethibitisha?" Akisharidhika aliandika kwenye daftari lake kwa penseli aliyoichonga kwa kisu: tarehe, saa, matokeo, na majina ya waliothibitisha.

Tulikuwa tunamcheka. "Lindolfo, mkeo amejifungua mtoto wa kike," nilimwambia siku Zuleica alipozaliwa. Akaniangalia juu ya miwani. Nusura nimpige kofi.

Alikuwa rafiki yangu. Niliseme hilo mapema, nisije nikalikimbia.

Jumapili ile ya Desemba, Ferroviário, timu yetu ya mafundi wa karakana ya reli, ilikuwa na pointi sawa na Comercial ya Pedra Lisa, ila sisi tulikuwa na magoli mengi zaidi. Mechi za mwisho zilichezwa wakati mmoja, sisi kwetu na wao kwao, kilomita mia na arobaini mbali. Comercial wakitoka sare, sare ilitutosha. Wakishinda, ilitubidi tushinde. Kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa na redio masikioni. Hata kipa wa akiba alikuwa na redio ndogo ndani ya glavu yake pale benchi, na kocha kila dakika anamuuliza, "Kule vipi?"

Banda la watangazaji lilikuwa la mbao, juu ya jukwaa. Upande wa pili wa kioo alikuwepo Dorval Pimenta wa redio ya washindani wetu. Mimi na yeye tulisalimiana kwa meno tu. Tangu mwezi wa Machi nilikuwa nimetunga maneno ya kutangazia ubingwa. Nilikuwa nayasema bafuni, mke wangu akiwa na mimba ya miezi minane anagonga mlango anataka kuoga. Mji wetu ulikuwa haujawahi kuwa bingwa, na nilijua kwamba sauti itakayolisema neno hilo kwanza ndiyo itakayorudiwa mpaka tufe.

Dakika ya arobaini na tatu ya kipindi cha pili, kwetu ilikuwa bila kwa bila. Kule walikuwa goli moja kwa moja. Ndipo Lindolfo aliponiambia kwenye hedifoni, pembeni, isisikike hewani.

"Anacleto. Kule refa kapuliza kipenga, wachezaji wanakimbia huku na huku. Jamaa wa simu anasema imekwisha. Ila ni yeye peke yake. Usiseme kitu. Ngoja kengele."

"Una uhakika?"

"Ningekuwa na uhakika ningegonga. Ngoja kengele, kaka."

Nilingoja. Naapa nilingoja, labda sekunde kumi. Kisha nikaona Dorval, nyuma ya kioo, anasimama na kuvuta pumzi ndefu. Nikajua naye amepata. Mwaka mzima wa maneno ya bafuni ukanipanda kooni.

"Imekwisha Pedra Lisa!" nikapaza sauti. "Sare Pedra Lisa! Barreiro Alto, mama yangu, simama, wewe ni bingwa!"

Maelfu ya redio yalilisema neno hilo pamoja, na uwanja ukatetemeka. Kipa wa akiba alitupa glavu juu. Kocha akawafungulia mikono wachezaji, akawaonyesha wapoze, wapoze. Wakaanza kupasiana wenyewe kwa wenyewe kama wako mazoezini. Tiziu, mshambuliaji wetu, alibaki peke yake na kipa wa wageni. Goli lilikuwa wazi. Akacheka, akageuka, akaurudisha mpira nyuma mpaka kwa kipa wetu, na watu wakamshangilia kwa mbwembwe hizo.

Masikioni mwangu kengele ilikuwa inalia. Haikulia mara moja kama kawaida yake, ililia mfululizo kama ya moto. Mezani kwangu kulikuwa na swichi ya kukata sauti ya studio. Kengele ilikuwa inaniharibia maneno yangu. Nikaizima swichi.

Kipenga cha Pedra Lisa kilikuwa cha penalti. Comercial wakaifunga. Nasi tulicheza dakika nne zilizobaki kwa kuupapasa mpira, mechi ikaisha bila kwa bila, watu wakaingia uwanjani, wakambeba Tiziu mabegani, bendi ya reli ikapiga. Ilichukua robo saa habari kupenya. Sijawahi kusikia tena watu elfu nane wakinyamaza hivyo, safu baada ya safu. Dorval alikuwa bado amesimama nyuma ya kioo. Kumbe wakati ule alisimama ili avae koti tu.

Wakaja chini ya banda langu. Sura nilizozijua: mafundi, mwuza nyama wangu, shemeji yangu. Mmoja akapiga kelele, "Anacleto! Nani kasema imekwisha? Nani?"

Maikrofoni ilikuwa bado iko hewani. Ningeweza kusema neno moja tu: mimi. Mke wangu alikuwa nyumbani anasikiliza. Nikasema, kwa sauti yangu ile nzuri, "Ndugu zangu, mimi husema ninachopewa na studio."

Waligeuka wote pamoja. Studio ilikuwa katikati ya mji, juu ya duka la dawa. Sikwenda. Niliambiwa tu kwamba walivunja vioo vyote, kwamba Lindolfo aliteremka ngazi mwenyewe akiwa ameshika kengele, kwamba walimvunja miwani na mkono wa kushoto. Waliniambia pia kwamba walipomuuliza kwa nini, hakujibu kitu.

Mwenye redio alimfukuza Jumatatu. Akapata kazi ya kupima magunia kwenye ghala la kahawa. Shuleni watoto walimtungia Zuleica wimbo, akiwa na miaka saba. Mwanangu alipozaliwa mwezi mmoja baadaye, Lindolfo ndiye aliyekuwa amepangwa kuwa baba yake wa ubatizo. Tulikuwa tumekubaliana tangu mimba changa. Nikamwomba shemeji yangu. Lindolfo alileta zawadi ya mtoto mlangoni, sweta ya bluu aliyoifuma mkewe, akampa mtumishi, akaondoka. Nilimwona kupitia pazia.

Kila mwaka nilisema nitasema. Nikawa mkubwa, nikatangaza fainali za jimbo, nikapewa ngao, mtaa ukapewa jina langu. Kadiri nilivyopanda ndivyo ilivyokuwa vigumu kuteremka. Nilistaafu, wakaniachia kipindi changu cha mazungumzo ya Jumapili saa kumi, na bado nilikuwa naahirisha.

Kisha, mwaka 2008, mwanzoni mwa Desemba, nikakutana na Zuleica kwenye duka la mikate. Ana miaka arobaini na saba sasa, amefanana na baba yake mpaka jinsi ya kukuangalia juu ya miwani.

"Mzee hajambo?" nikamuuliza.

"Anakufa. Daktari kasema wiki tatu, pengine nne." Alikuwa anahesabu mikate ya jibini kwenye mfuko, hakuniangalia. "Na masikio yalishakufa mwaka juzi. Hasikii hata radi. Ila Jumapili saa kumi lazima nimwashie redio. Anaweka kiganja juu yake mpaka umalize."

"Anapenda mpira, Lindolfo."

"Nami nilidhani hivyo nikiwa mdogo." Akafunga mfuko. "Anakusubiri wewe. Miaka arobaini, kila Jumapili, anasubiri kama leo ndiyo leo."

Nikauliza, "Alikwambia?"

"Yeye? Yule hasemi. Mama ndiye aliyeniambia kabla hajafa. Mama alikuwa anamgombeza, anamwambia, nenda kawaambie! Yeye anajibu, redio ina mdomo mmoja, mke wangu, nikiwaambia watu mdomo huo umewadanganya, wataamini nini tena? Aseme mwenyewe." Hapo ndipo aliponiangalia. "Mimi si mtu mwema kama baba, Mzee Anacleto. Mimi nakuchukia. Lakini sema. Mchango wa maua usilete, wewe sema."

Jumapili iliyofuata ilikuwa tarehe kumi na nne. Redio ilikuwa imeandaa kipindi cha kumbukumbu ya miaka arobaini ya ubingwa tuliopoteza, maana sisi tusio na cha kushangilia hukumbuka tulivyonyang'anywa. Kijana wa zamu alikuwa Kleiton, mchangamfu, kichwa kimejaa mafuta ya nywele. Kengele ya Lindolfo ilikuwa kwenye rafu ya studio, imewekwa pale kama kichekesho, na kibandiko: Usiiamini.

"Mzee Anacleto, tusimulie basi," akasema Kleiton. "Lindolfo alikwambia nini hasa siku ile?"

"Aliniambia nisiseme," nikasema. "Aliniambia hana uhakika, ningoje kengele. Sikungoja. Alipogonga kunizuia, nilimzimia swichi. Kisha nikawaambia watu ni yeye. Mimi ndiye niliyeupoteza ubingwa ule. Lindolfo Bressan hakukosea kitu. Nimemwacha abebe mzigo wangu miaka arobaini kwa sababu ya woga na kujipenda."

Nilingoja simu zilie, nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe.

Kleiton akatabasamu, macho yamelowa. "Jamani, wasikilizaji, mnauona utu wa huyu mzee? Rafiki yake yuko kitandani mahututi, naye anamtua mzigo anaubeba yeye."

"Simtui. Ni wangu."

"Ndiyo mzee, ndiyo."

Simu zikaanza. Mama mmoja wa mtaa wa karakana alikuwa analia. "Mungu akubariki, Mzee Anacleto. Watu wa hivyo hawazaliwi tena." Mwingine akasema Lindolfo hastahili rafiki wa namna hiyo. Diwani alipiga simu, akasema atapeleka hoja banda la watangazaji uwanjani lipewe jina langu. Nilipandisha sauti. Nilipiga meza. "Nasema niliwadanganya! Hamnisikii? Niliwadanganya!"

Wa saba na wa mwisho alikuwa fundi mstaafu, kwa sauti ya uzee. "Mwanangu, nilikuwepo. Sauti yako haijawahi kutudanganya. Haitaanza leo."

Kleiton akapiga muziki. Nikachukua kengele kwenye rafu, nikang'oa kile kibandiko kwa kucha, nikatoka. Hakuna aliyeniuliza naipeleka wapi.

Zuleica alinifungulia mlango, macho mekundu. Nyumba yao ni ileile, ya vyumba viwili nyuma ya ghala. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Nimemwandikia ulichosema. Neno kwa neno."

"Na waliopiga simu?"

Aliikunja karatasi, akaikunja tena. "Nimemwandikia kwamba wameamini."

"Zuleica."

"Wewe ungemwandikia nini? Nimwambie kwamba hata umekiri wamekupigia makofi? Aondoke na hilo?" Alikuwa ananong'ona, ingawa hakukuwa na haja, maana mwenyewe hasikii. "Nimemwandikia wameamini."

"Akasemaje?"

"Unajua alivyosema." Midomo yake ikaanza kucheza. "Ameuliza, nani amethibitisha."

Lindolfo alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mito miwili mgongoni, mwembamba, mkono wa kushoto umepinda palepale walipomvunja. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya redio, ingawa ilishazimwa. Aliponiona hakushtuka. Alizungumza kwa sauti kubwa isiyo na vilima wala mabonde, kama wazungumzavyo viziwi.

"Anacleto! Umechelewa, bwana. Mechi iliisha zamani."

Nikapiga magoti mbele ya kiti kile. Sikuwa na sauti, mimi niliyeishi kwa sauti, na hata ningekuwa nayo isingenisaidia kitu. Nikamwekea kengele kiganjani, nikaigonga kwa ukucha. Aliusikia mtetemo wake kwenye ngozi. Akacheka, meno mawili.

"Ilikuwa wapi hii?"

Kisha uso wake ukabadilika. Niliujua uso ule. Akanyoosha mkono kwenye meza, akachukua daftari, akalamba ncha ya penseli, akaangalia saa ya ukutani. Akanisukumia karatasi na kalamu.

"Studio tayari," akasema. "Nipe matokeo."

Nilimtazama Zuleica. Alikuwa ameegemea mlango, amejikumbatia, ananitazama kama mtu anayetazama penalti. Nilifikiri juu ya yule mtu kitini, ambaye hakuwahi kuipokea habari nusu. Alistahili ukweli kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Nilifikiri pia jinsi ningeandika: nimekiri, nao wanakucheka bado. Ningemtazama machoni anapoisoma. Mkono wangu uliandika: Nimekiri. Mji umeamini.

Akasoma. Akaniangalia juu ya miwani.

"Simu ngapi?"

Nikaandika: Saba.

"Wote wamesema hivyo?"

Nikaandika: Wote.

Bado alikuwa ananiangalia. Sijui aliona nini. Labda aliona kila kitu, maana alikuwa amenijua tangu ujana. Labda alikuwa amechoka tu kungoja na sasa amepewa habari kutoka sehemu mbili, kama ilivyo sheria yake. Akainama, akaandika taratibu, akanigeuzia daftari nisome. Ilikuwa hivi: Jumapili, 14 Desemba, saa kumi na dakika hamsini. Barreiro Alto wamejua. Wamethibitisha: Zuleica. Anacleto.

Kisha akagonga kengele mwenyewe, mara moja, kama kawaida yake. Akafumba macho.

Alifariki Ijumaa ya kwanza ya Januari. Mazikoni tulikuwa watu kumi na wanne. Tukitoka makaburini, tulipita mbele ya baa, na kijana mmoja akamuuliza mwenzake kama ni kweli yule mzee kafa. Mwenzake akamjibu, "Umeyapata kwa Lindolfo?" Wakacheka. Zuleica hakugeuka. Nami niligeuka, nikafungua mdomo, na yule kijana akavua kofia kwa heshima akasema, "Shikamoo, Mzee Anacleto, pole kwa msiba."

Daftari liko kwangu. Zuleica alinipa akasema hataki kuliona nyumbani kwake. Nimelipitia lote, kurasa mia mbili na zaidi, tangu mwaka 1951, magoli ya viwanja ambavyo siku hizi ni maegesho na mashamba ya mahindi. Siku ile ya 1968 ipo pia, na ameiandika sawasawa, penalti na dakika yake. Nimelinganisha na magazeti ya zamani, siku baada ya siku. Hakuna tokeo hata moja alilokosea, isipokuwa lile la mwisho, na aliyemthibitishia ni mimi.